Meli Imefunga Gati, Shoga Yetu Yumo

Leo hatuna mshono mpya wala bei ya lesi. Kuna jambo tumelikalia tangu Shaaban ya 2024, na mwenyewe ametupa ruhusa tulieleze kwa sharti moja tu, jina lisitajwe. Basi tutamwita shoga yetu, maana ndivyo alivyo.

Mnazijua zile meli kubwa za watalii zinazokuja Malindi wakati wa kaskazi. Nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, zinafunga gati asubuhi na magharibi hazipo tena. Wengi wetu tunaziona kwa mbali, wanaozijua kwa karibu ni wenye teksi, wauza vinyago na papasi. Sisi tulikuwa tukisema hizo ni za wazee wa Kizungu wanaokula kiinua mgongo chao. Mpaka shoga yetu alipotuandikia kwamba amekata tiketi, peke yake, chumba kimoja, kutoka Port Victoria kule Shelisheli mpaka Morisi, na kwamba katika bandari za njiani, tatu ana watu wake: Mombasa, Unguja na Mayotte.

Tulisoma ushoni pamoja, mwaka 2006, tuko watano. Wanne tulikuwa tumetoka skuli juzi juzi, wa tano, ambaye tunamwita dada mkubwa mpaka leo, alikuja darasani na mtoto mgongoni. Shoga yetu ndiye aliyekuwa na mkono kuliko sote. Cherehani alikuwa haipendi sana, lakini mpe sindano na uzi, pindo lake ulikuwa huoni limeanzia wapi. Akaolewa, mwaka 2010 akaenda Uingereza na mume, talaka ikaja baadaye, naye akabaki huko akifanya kazi ya kulea wazee. Mama yake akafariki 2017. Hakuweza kuja kuzika, karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka na angetoka asingerudi. Kisha nyumba ya mama ikaleta maneno. Warithi ni wawili, yeye na kaka yake. Hesabu ya sharia inajulikana na kila mtu: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, kwa hiyo thuluthi ni yake. Kaka akakaa kimya na nyumba yote. Shoga yetu akakaa kimya na hasira yake. Miaka ikapita hivyo.

Tulimuuliza: kwa nini meli, na ndege zipo kila siku? Jibu lake tumelikariri. "Nikija kwa ndege nitaulizwa nalala wapi. Nikija kwa meli, kitanda changu nakuja nacho."

Sasa tujue, wapo mlioanza kutikisa vichwa hapo juu kwenye neno peke yake. Hata sisi. Hadithi ya kumkataza mwanamke kusafiri bila ya mahram ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na hakuna kati yetu wa kuipuuza. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walizungumzia mwanamke anayekwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na katika zama hizi wapo walioangalia amani ya njia na wapo waliobaki na maneno ya hadithi kama yalivyo. Saudia nayo miaka ya karibuni inawapokea mahujaji wanawake wasio na mahram wakiwa ndani ya kundi. Sisi ni mafundi wa nguo, fatwa si kazi yetu. Shoga yetu alimuuliza imamu wa mji anaoishi, akapewa jibu, akalifuata. Tunachoweza kusema sisi ni hiki: mahram wake pekee aliye hai ni huyo kaka.

Kwa wanaopenda kujua mambo ya melini, nasi tulimhoji kama polisi. Chumba cha meli hupangiwa bei ya watu wawili, kwa hiyo anayelala peke yake hulipishwa nyongeza, na katika meli nyingi nyongeza hiyo hukaribia bei ya huyo mtu wa pili asiyekuwepo. Alikusanya miaka mitatu. Chakula kipo usiku na mchana, yeye alikula samaki, mayai, mboga na matunda, akawaeleza mapema kuwa nyama asiyojua imechinjwaje hagusi, wakamwelewa. Pombe ipo kila kona, bwawa la kuogelea lipo, ngoma za usiku zipo. Yeye alikuwa na kona yake upande wa nyuma, na msahafu wake. Kibla alitazama kwa simu, na anasema hicho ndicho kilichomfundisha kuwa anasogea: Shelisheli kilikuwa kimelalia magharibi kidogo, kila siku kikinyooka, alipofika kwetu kimekuwa kaskazini hasa. Sala akikusanya na kupunguza kama msafiri. Mezani aliwekwa na bibi mmoja mjane kutoka Scotland, wakazoeana, bibi akawa anamgongea mlango kila asubuhi kuhakikisha yu hai.

Kutoka Shelisheli mpaka Mombasa ni siku mbili nzima usiyoona ila maji. Huko alipokewa na mwanamke waliyefanya kazi pamoja Uingereza, ambaye amesharudi kwao Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu. Walikuwa na saa tano. Walikaa barazani, wakala mahamri na mbaazi za nazi, wakazungumza, basi. Hata ngomeni hawakuingia. Huyo wa Mombasa akatuletea sisi, watu asiotujua, jozi mbili za leso, maana wao kanga huziita hivyo.

Huku Unguja nako tulikuwa tunagombana.

Dada mkubwa alikuwa anaoza. Yule mtoto wa mgongoni ametimia miaka ishirini, amewekwa ndani, anasingwa na kupakwa liwa, na siku ya meli iliangukia siku tatu kabla ya nikaha. Yeye akaona ni neema kutoka kwa Mungu: tumwite kaka, tumsimamishe pale getini Malindi, dada akishuka wakumbatiane, yaishe. Damu haiwi maji, alisema. Mwengine akataka biriani la watu thelathini. Mwengine akapanga kumtembeza, aoneshwe barabara mpya na maduka mapya, asije akafikiri tumelala. Kila mmoja alikuwa na siku yake kichwani, na siku zote zile zilikuwa nzuri, ila hakuna iliyokuwa ya mgeni.

Mtu wa meli hana siku. Ana saa. Huyu alikuwa na nane, tangu saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni, na meli haimsubiri abiria aliyetoka kutembea kwa miguu yake mwenyewe. Husubiri wale waliolipia matembezi ya meli. Ukichelewa utaiona inakwenda zako ziko ndani, na bandari inayofuata ni nchi nyengine. Ndiyo maana tuliona ni bora aulizwe. Tukampigia alipokuwa Mombasa, kwa simu ya yule mwenzake. Alitaka mambo matatu. Urojo. Kumuona mama mdogo. Na kushika sindano, kama iko nguo ya biharusi haijamalizwa. "Kaka msimlete," alisema. "Akija mwenyewe sitamkimbia." Dada mkubwa alinuna siku nzima lakini alikubali.

Asubuhi hiyo tulikuwa nje ya geti tangu saa moja. Wakaanza kutoka, kofia, kaptura, kamera, halafu akatoka mmoja kwa abaya ya kijivu na viatu vya kukimbilia. Papasi wakamvamia. Mmoja akamsemesha Kitaliano, mwengine akamwambia jambo jambo. Akawatazama, akasema, "Wanangu, nipisheni, nimezaliwa Mnazi Mmoja mimi." Walicheka mpaka wakatushikia mkoba. Sisi hatukucheka, tulikuwa tunalia.

Alitaka kutembea. Tukapita njia ya Mizingani, Mtini, mbele ya Kasri, hatua kwa hatua, akigusa kuta. Alipofika Beit el Ajaib akasimama. Yeye alipoondoka jumba lilikuwa zima. Sayyid Barghash alilijenga 1883, na upande wake mmoja ulianguka tarehe 25 Desemba 2020, likabaki limezungukwa na mabati na vyuma. Habari alikuwa ameisoma. Kusoma ni jambo jengine.

Pale ndipo tulipomkumbuka Bibi Salme, na aliyemtaja ni yeye mwenyewe, si sisi. Binti wa Sayyid Said, alitoka hapa kwa meli 1866 akaenda Ujerumani, njiani akabadili dini, na hilo bado linatuuma waliosoma habari zake. Lakini alirudi mwaka 1885, na meli za Kijerumani, akitaka haki yake ya urithi, na kaka yake Barghash hakukubali kumuona. Watu wa mjini walimwamkia njiani, kaka hakutoka. Alirudi tena 1888, Barghash ameshafariki, na hakupata vilevile. "Mimi sijabadili kitu," shoga yetu alisema, "isipokuwa pasi." Maana Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, na yeye ameshachukua wa kule. Kwao aliingia kwa karatasi za mgeni, na kadi ya meli shingoni. Tukaona bora tukatafute urojo.

Bakuli mbili alikula, kwa bajia, kachori na chipsi za muhogo, akitoka jasho. Biriani tulilokuwa tumepika hata hivyo, kwa sababu dada mkubwa ni dada mkubwa, aliliramba tu kwa heshima.

Kikwajuni tulifika saa nne. Biharusi alitoka chumbani na mwili wa manjano, akambusu mkono, na nguo ikaletwa. Ni kanzu ya kijani ya siku ya nikaha, lesi juu ya satini, na pindo tulikuwa tumelipiga pini tu, tumemuachia. Alinawa mikono. Akakaa kwenye mkeka, akatia uzi bila ya miwani, akaanza. Tukawa tumemzunguka, mmoja anashona vifungo, mmoja anapepea udi, na mazungumzo yakaenda kwa watoto, waume, bei ya satini, nani ameachika na nani ameolewa tena. Mkono wake ulikuwa ulevile. Alipofika kama nusu ya pindo, bila ya kuinua macho, akauliza:

"Nani alimkatia mama sanda?"

Miaka saba tulikuwa tukiongea naye kwa simu, na swali hilo hakuwahi kuuliza. Tukatazamana. Dada mkubwa akamjibu. "Sisi."

Tukamueleza. Kwamba ilikuwa usiku, umeme umekatika, na bafta ililetwa dukani kwetu kwa sababu meza yetu ni ndefu. Kwamba tulikata vipande vitano kama inavyotakiwa kwa mwanamke: saruni, kanzu, mtandio na shuka mbili. Kwamba mkasi tuliotumia ndio ule aliotuachia yeye alipoondoka, haukuwa mpya lakini ulikuwa mkali kuliko wote. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa walioosha. Muoshaji husitiri, mnajua, lakini zuri linaruhusiwa kusemwa, naye akalisema: uso ulikuwa wa mtu aliyelala, na mikono ilikuwa laini. Shoga yetu akauliza upana wa bafta. Akauliza kama kanzu ilifika miguuni, maana mama alikuwa mrefu. Ilifika. Akaendelea kushona. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa akigeuza kichwa pembeni ili yasidondoke kwenye satini, kwa sababu satini inashika doa.

Wapenzi, tulikuwa tumeandaa biriani la watu thelathini.

Pindo lilimaliza saa saba kasoro. Kwa mama mdogo tulikwenda na gari, na njia inapita makaburi ya Mwanakwerekwe. Hakuomba kuingia. Aliomba gari isimame kidogo, akashusha kioo, akatoa salamu kwa watu wa makaburini kama tulivyofundishwa, akaomba dua, akapandisha kioo. Dereva, kijana wa watu, alizima redio bila ya kuambiwa.

Mama mdogo ana miaka themanini na ushei na macho yamepungua. Alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mpaka masikioni, akasema, "Umekonda, Uingereza hawakupi ugali?" Basi ikawa kicheko. Akasali hapo adhuhuri na alasiri, rakaa mbili mbili. Wakafungiwa mlango wao wawili, na waliyoyasema humo hatukuyauliza.

Saa nane na nusu mlango ukabishwa. Kaka hakuja. Alikuja mke wake, na binti yao wa miaka kumi na mbili, ambaye shangazi yake hakuwahi kumuona ila kwenye picha. Hatujui nani aliwapelekea habari, na dada mkubwa ameapa wallahi si yeye. Mke wa kaka alisimama mlangoni na sahani ya mkate wa ufuta imefunikwa kawa, hajui aingie au arudi. Shoga yetu akainuka, akampokea sahani, akamwambia, "Karibu, wifi." Mtoto akamwamkia, "Shikamoo shangazi." Akamkalisha pembeni yake, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Hakuna aliyeitaja nyumba. Mkate ule walikula wote, na walipoondoka mke wa kaka alimvuta pembeni akamwambia neno. Baadaye shoga yetu alitueleza: "Anasema si yeye anayekataa." Hilo tunaliandika kama lilivyo, mlipime wenyewe.

Kurudi bandarini kulikuwa mbio tupu, Shaaban mji umejaa watu wa harusi na foleni haziishi. Chakula cha kupikwa hakiruhusiwi kuingia melini, alikuwa ametuambia mapema, kwa hiyo tulimfungia vitu vikavu: kanga, udi kidogo, na kitambaa cha kumpelekea rafiki yake wa Mayotte, mwanamke wa Kingazija aliyekulia hapa Unguja na kuolewa huko. Kikuba cha asumini tulikibandika kwa ndani ya mtandio. Hakuna aliyemuuliza. Saa kumi na dakika ishirini akapitisha kadi yake getini, na yule bibi wa Scotland alikuwa amesimama upande wa pili, anatazama saa, ana wasiwasi kuliko sisi.

Hatukwenda Forodhani kuiangalia meli ikiondoka. Kulikuwa na harusi, na vyungu vya kuosha.

Kanzu ya kijani ilivaliwa siku ya tatu yake, na walioiona walituuliza lile pindo ni la mashine gani. Tuna oda mbili za kuigiza, na tumewaambia wateja wazi kwamba la mkono huo hatuna, tutawapa la kwetu.

Picha ya Mayotte ilikuja baada ya siku chache, wawili wamejifunika kitambaa kimoja kama watoto, nyuma yao bahari. Kisha kimya, kisha ujumbe mrefu kutoka Morisi, siku anashuka. Hakuandika habari za safari. Aliuliza mirathi inaanzia wapi mtu akiwa nje, na kama anaweza kumwakilisha mama mdogo au awe mtu mwengine. Alisema hataki nyumba iuzwe na hataki mtu atolewe, anataka thuluthi iandikwe jina lake. Tumemuulizia kwa watu wanaoyajua mambo hayo. Kinachotakiwa kwanza ni cheti cha kifo, na hicho mama mdogo anacho, kimo ndani ya mkoba chini ya godoro lake.